Levye ya vitesi katika gari la zamani: ipimwe kwanza, isikatwe

Safari hii ukurasa wetu hausemi juu ya kofia ya kazi wala juu ya maji ya kunywa. Unasema juu ya fimbo ile ambayo shofere anaishika mara nyingi sana kati ya Kasongo na Kabambare, ni kusema levye ya vitesi. Wengine watauliza, muganga anatafuta nini garajini? Watu wanaoumizwa na gari bovu wanaletwa kwetu, hawapelekwi kwa fundi. Ndiyo maana.

Katika Maniema ya kusini magari madogo si mengi. Watu wanakwenda kwa pikipiki, kwa baiskeli na kwa miguu, na mizigo mizito inapanda kamyo. Lakini wako wafanyakazi wanaochanga feza, wawili au watatu, wakanunua gari dogo la zamani lenye mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu: Volkswagen Golf, Peugeot 205, Toyota Starlet, ao Renault 4 iliyojulikana tangu wakati wa wazee wetu. Renault 4 ilianza kutengenezwa mwaka 1961 ikaachwa katika miaka ya 1990. Golf ya kwanza ilitoka 1974, Peugeot 205 ilitoka 1983, na Starlet ya mwisho ilitengenezwa 1999. Basi hata lile lililo changa kuliko mengine limekwisha kupita miaka 25.

Gari la namna hiyo halikutengenezwa kwa ajili ya mashimo yetu, wala kwa madaraja ya magogo, wala kwa milima ya kuelekea Salamabila na Namoya. Kwa hiyo mwenye gari analigeuza. Anainua springi, anaweka gurudumu kubwa zaidi, anachomelea bamba la chuma chini ya motere kusudi mawe yasiivunje. Mambo hayo ni ya akili, nami siyakatai. Mwishowe anafika kwenye levye. Inacheza-cheza kama ulimi wa kengele, vitesi ya pili haipatikani, na rafiki aliyetoka Bukavu amemwambia ya kwamba magari ya mashindano yana levye fupi. Anaita fundi, fimbo inakatwa kwa msumeno, kipande cha juu kinachomelewa tena, na kesho yake watu watano wanapanda gari hilo kwenda kazini.

Nataka kueleza kwa nini kazi hiyo, ikifanywa namna hiyo, inaficha ugonjwa bila kuuponya. Ni kama mtu mwenye malaria anayemeza dawa ya kupoza homa peke yake. Jioni mwili unapoa naye anasema amepona, kumbe vidudu vingali ndani ya damu.

Levye ni fimbo inayokaa juu ya egemeo. Tuseme juu ya egemeo ina sentimeta 30, na chini ina sentimeta 5. Mkono ukisogea sentimeta 12 juu, ncha ya chini inasogea sentimeta 2 tu. Tena nguvu ya mkono inaongezwa mara 6: ukisukuma kwa kilo 3, chini inafika nguvu ya kilo 18. Sasa tuseme vikombe vya plastiki vinavyounga fimbo za chini vimekwisha kulika, na kuna uwazi wa nusu sentimeta. Kule juu mkononi uwazi huo unaonekana kama sentimeta 3. Shofere anasema, levye yangu imelegea sana.

Anakata sentimeta 10. Juu ya egemeo zinabaki 20. Uwazi unaosikika mkononi sasa ni sentimeta 2 peke yake, naye anafurahi, anaona gari limekaza. Lakini kule chini ni ileile nusu sentimeta, haikupungua hata unywele. Na nguvu sasa inaongezwa mara 4 tu, kwa hiyo mahali pa kilo 3 mkono lazima usukume kilo 4 na nusu. Basi amenunua uzito na ugonjwa amebaki nao. Levye fupi zinazouzwa tayari, zile zinazoinua egemeo mahali pa kukata fimbo, nazo zinafuata hesabu hiyo hiyo: mwendo wa mkono ukipungua, uzito unaongezeka. Katika njia ya lami, na sanduku la vitesi lililo zima, jambo hilo si baya. Kwa shofere wa kwetu, anayebadilisha vitesi kwa kila shimo tangu asubuhi hata jioni, ni jambo la bega na la kiwiko. Tunawaona. Wanaomba dawa ya kupaka, na hakuna anayefikiri juu ya fimbo aliyoikata.

Hatari kubwa zaidi ni ile nusu sentimeta iliyobaki chini. Kwa sababu yake meno hayaingiliani mpaka mwisho. Vitesi inashika nusu, kisha katika mteremko, motere inapolizuia gari, inaruka na kutoka. Gari linakuwa huru. Aliyepata kushuka mlima wa udongo mwekundu baada ya mvua anajua maana yake: freni peke yake zinabeba uzito wote, zinapata moto, pedali inakuwa laini, na chini kuna daraja la magogo lisilo na ukingo. Tena shofere anaacha kutazama njia, anatazama levye, na anashika volani kwa mkono mmoja.

Hatari nyingine ni vitesi isiyokuwa ile uliyoitaka. Levye iliyolegea inaweza kukupa vitesi ya kurudi nyuma mahali pa ile ya kwanza, ao ya kwanza mahali pa ile ya kurudi nyuma. Kwenye foleni mbele ya daraja, ambapo mama na watoto wanapita kati ya magari wakiwa na vikapu, nusu mita ya kurudi nyuma inatosha kuvunja mguu.

Basi fundi aanzie wapi? Aanzie chini. Kabla ya hapo azime motere, avute freni ya mkono, aweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na gari lilale juu ya vipande vya mti mnene. Kriki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Na bomba la moshi lipoe kwanza. Hayo mnayasikia kila juma kazini. Yawe hivyo hata nyumbani siku ya Mungu.

Kuna namna tatu za gari. Namna ya kwanza, levye inaingia moja kwa moja ndani ya sanduku la vitesi. Ndivyo ilivyo katika Starlet za miaka ya kwanza, zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Hapo mara nyingi kinacholika ni kikombe kidogo cha plastiki kwenye ncha ya chini ya fimbo. Kazi ya saa moja inatosha, na levye ya gari la miaka 40 inarudi kuwa kama mpya.

Namna ya pili, levye inasukuma fimbo nyingine, na hizo zinasukuma sanduku lililo mbele. Ndizo Golf za zamani na Peugeot 205. Renault 4 pia ni ya jamii hiyo, ila fimbo yake inatoka katika dashibodi na kupita juu ya motere, kwa kuwa sanduku lake liko mbele kabisa, karibu na rejeta. Fimbo hizi zinaungwa kwa vichwa vya mviringo vinavyoingia katika vikombe vya plastiki. Vikombe vinakauka, vinapasuka, na siku moja fimbo inaanguka yenyewe barabarani. Mtu mmoja aisogeze levye pole pole, mwingine atazame chini, kiungo kwa kiungo, aone ni wapi upande mmoja unasogea na mwingine unakaa kimya. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Namna ya tatu ni ya nyaya mbili zinazopita ndani ya mipira, kama freni ya baiskeli. Gari nyingi ndogo za Kijapani zenye motere iliyolala upande ni za namna hiyo. Uya uliokwisha kupata kutu ndani hautengenezeki kwa mafuta, unabadilishwa.

Tazameni pia kauchu zinazoshika motere. Zikiwa zimepasuka, motere inayumba kila unapokanyaga esanse, nayo inavuta zile fimbo na kuitoa vitesi bila mkono wa mtu. Nimesikia mafundi wakibadilisha vikombe mara tatu na vitesi ikaendelea kuruka, kwa sababu kauchu hizo hazikutazamwa. Na kama vitesi inalia kila inapoingia, tazameni kwanza ambreyaji. Isipoachia vizuri, hakuna levye ya dunia itakayosaidia.

Shida yetu ni vipande. Kasongo si mji wa kuingia dukani na kuomba kikombe cha Golf ya 1985. Mafundi wetu wana akili nyingi, wanakata vikombe kutoka kandambili, ao kutoka gurudumu kuukuu. Kauchu laini haifai hapo: inajikunja, na levye inakuwa kama iliyokaa ndani ya ugali. Ni afadhali plastiki ngumu nzito, ao shaba iliyokerezwa vizuri kwa mashine na kutiwa grisi, yenye kipimo cha kweli cha kile kichwa cha mviringo. Kwa shaba lazima grisi iongezwe mara kwa mara na kifuniko cha vumbi kiwepo, kwani vumbi letu ni kama mchanga wa kusugulia. (Msije mkasema katika atelye ya kampuni ya kwamba ni muganga aliyewatuma kuchukua kipande cha shaba. Ombeni ruhusa.) Na anayeosha fimbo kwa esanse avae glavu na awe mbali na sigara.

Magari mengine yalikuja yakiwa na volani upande wa kuume, yaliyopita Dar es Salaam, Kigoma na ziwa Tanganyika, kwa maana Tanzania wanaendesha upande wa kushoto na sisi tunaendesha upande wa kuume. Wako wanaohamisha volani na pedali kwenda kushoto, kisha wanaikunja levye kwa moto kusudi imkaribie shofere mpya. Chuma kilichopashwa moto na kukunjwa bila ujuzi kinapoteza ukakamavu wake, tena levye iliyokunjwa inaweza kugonga goti ao freni ya mkono kabla vitesi haijaingia mpaka mwisho. Mwenye gari kama hilo aketi kwenye kiti, motere imezimwa, akanyage ambreyaji na apitishe vitesi zote, moja moja, pamoja na ile ya kurudi nyuma. Kila moja iingie yote bila kugusa kitu.

Sasa nije kwa kichwa cha levye. Kile kitufe cha plastiki kilichopotea kinaonekana kitu kidogo. Tulimpokea kijana mmoja aliyekuwa shofere wa gari lililogonga mti kwa mwendo mdogo, mwendo wa baiskeli tu. Levye yake ilikuwa fimbo ya chuma iliyokatwa, ncha yake wazi, bila kitufe. Iliingia katika paja. Mfupa ulikuwa mzima, lakini kidonda kilikuwa kirefu, chembamba na chenye kutu na grisi ndani, namna ya kidonda inayopendwa na tetanosi. Kidonda cha namna hiyo hakiogopeshi kwa macho kwa kuwa damu ni kidogo, na watu wanakifunga kwa kitambaa na kurudi nyumbani. Msifanye hivyo. Kisafishwe dispensere, na sindano ya tetanosi iulizwe siku hiyo hiyo. Tena kama fimbo ingali ndani ya mwili, msiivute. Mara nyingine ndiyo inayoziba mshipa. Funga vitambaa safi kuizunguka isitikisike, na kama ni lazima ikatwe ili mgonjwa atoke garini, ikatwe kwa msumeno wa mkono huku mtu mwingine akiishika imara.

Basi kila levye iwe na kichwa kipana cha mviringo, cha mti ao cha plastiki, kinachojaza kiganja na kilichokazwa kisigeuke. Chuma kitupu kinachoma mkono gari likikaa juani saa sita, na shofere anayeogopa kukishika anabadilisha vitesi kwa ncha za vidole. Mkono usilazwe juu yake mkiwa njiani, kama wanavyopenda kufanya vijana. Uzito wa mkono unasukuma uma ulio ndani ya sanduku, nao unalika bure.

Nimeacha mwishoni jambo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halionekani. Ni tundu.

Chini ya levye, sakafu ya gari ina tundu. Kiwandani lilifunikwa kwa mfuko wa kauchu. Mfuko huo unapasuka kwa uzee, ao fundi anautupa anapokata levye, ao analipanua tundu kusudi fimbo mpya ipate nafasi. Watu wanaona ya kwamba sasa vumbi linaingia, wanaweka kitambaa, basi. Lakini mara nyingi bomba la moshi linapita chini ya sakafu, karibu kabisa na pale. Kama bomba limetoboka, nalo kwa mawe yetu linatoboka upesi, moshi unapanda kwa tundu lile.

Moshi wa motere una hewa moja iitwayo oksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ndani ya mapafu inashika damu mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo kidogo kinatosha. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, mikono inakuwa mizito, anataka kulala. Shofere anadhani ni uchovu. Kwetu, ambako kila mtu amezoea malaria, anasema, homa imenirudia. Kuna alama inayosaidia kutambua: malaria haiwashiki watu wanne kwa saa moja katika gari moja. Kama wote wanaumwa kichwa pamoja, nao wanapata nafuu wakishuka na kukaa hewani, shtakieni gari.

Na hapa gari la mlango wa nyuma lina ubaya wake wa pekee. Mnapakia mbao, makuti ao baiskeli, mlango haufungiki, mnaufunga kwa kamba ukiwa nusu wazi. Wengi wanadhani mlango wazi unaleta hewa safi. Ni kinyume. Gari likienda, nyuma yake hewa inajizungusha na kuurudisha moshi wa bomba ndani, palepale wanapoketi watoto juu ya mizigo. Motere iliyochoka, inayotumia mafuta na kutoa moshi mweusi, inazidisha hatari. Mwenye mimba na mtoto mchanga wanaumia kabla ya wengine. Afadhali mbao zifungwe juu ya paa na mlango ufungwe. Ikiwa hakuna njia, madirisha ya mbele yafunguliwe yote, mwendo uwe mfupi, na mtoto asiketi nyuma.

Kulipima tundu ni rahisi. Usiku, motere imezimwa, mmoja aweke toshi chini ya gari na kuisogeza pole pole, mwingine akae ndani gizani, ainue mikeka. Mahali mwanga unapopita ndipo moshi unapopita. Kwa kufunika, kateni kauchu ya ndani ya gurudumu la kamyo, iwe pana kuliko tundu, itobolewe katikati kwa kipimo kidogo kuliko fimbo kusudi iibane, na kingo zake zikazwe sakafuni kwa pete ya bati na skrubu. Iachieni mikunjo, ili levye isogee pande zote bila kuivuta. Kauchu inayovuta levye inaweza nayo kuitoa vitesi.

Mtu akizidiwa na moshi njiani, simamisheni gari, zimeni motere, mtoeni nje mbali na gari, mlegeze nguo. Aliyezimia lakini anapumua alazwe upande. Asiyepumua asukumwe kifua na apewe pumzi kwa mdomo hapo hapo, na mtu mwingine atafute njia ya kumfikisha hospitali, ambako atapewa oksijeni. Hata aliyeamka na kusema ni mzima apelekwe, wala asipewe volani siku hiyo.

Linabaki jambo la fimbo inayoanguka njiani, mbali na kila kijiji. Msiburute gari kwa kamba kwenye mteremko. Katika Golf na 205, zimeni motere, wekeni mawe kwenye magurudumu, ngojeni ipoe, halafu fundi ao shofere mwenye kujua asukume kwa mkono mkono mdogo wa chuma ulio juu ya sanduku mpaka vitesi ya pili iingie. Fimbo iliyoanguka ifungwe kwa uya isiguse chini. Kisha shofere aketi, akanyage freni na ambreyaji kabla ya kuwasha, mawe yaondolewe, na aondoke pole pole. Gari litakuwa na vitesi moja tu. Abiria waipande milima kwa miguu, na kila linaposimama shofere akanyage ambreyaji ao azime. Kwa vitesi ya pili mtafika nyumbani, hata kama ni usiku.